Gari limeitwa kiwandani kwa hitilafu ya masta silinda, spea bado: niendelee kuliendesha?

Sukani77
Wakuu habari zenu. Nimepata barua ya mtengenezaji kwamba gari langu limo kwenye kundi linaloitwa lirudi kurekebishwa breki. Sababu wanayotaja: sili (mpira wa kuzuia mafuta) ndani ya masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) inaweza kupitisha mafuta ya breki yakaingia kwenye busta (kopo linaloongezea mguu nguvu kwa vakyumu, yaani mvuto wa hewa wa injini). Spea hazijafika, nitajulishwa. Breki zinashika na taa ya dashibodi haijawaka. Nililinunua mkononi, si jipya. Naomba kujua:
- Nililaze au niendelee nalo?
- Nitajuaje kama langu limeshaanza kuvuja?
- Fundi wa nje akiifunga masta nyingine sasa hivi, kuna shida?

Bisibisi
Mkuu, isome barua tena utafute sentensi moja tu: ile inayokuambia ufanye nini wakati unasubiri. Ikisema usiendeshe, hakuna mjadala, waombe waje walibebe. Ikisema uliegeshe nje, mbali na nyumba na magari mengine, hapo kinachoogopwa ni moto. Moduli ya ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasigande ukifunga breki) huwa na umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni, na mafuta yakivujia kwenye saketi yake inaweza kupiga shoti usiku watu wamelala. Septemba 2023 Hyundai na Kia ziliita magari zaidi ya milioni 3 Marekani kwa sababu hiyo, wenye magari wakaambiwa yalale nje mpaka fyuzi ibadilishwe. Aina ya tatu haikatazi kuendesha, inakupa dalili za kuangalia. Yako inaelekea ni hiyo, ila ifuate barua, usinifuate mimi.

Fundi_Haidroliki
Ubaya wa hitilafu hii ni kwamba huoni tone chini. Sili inayochoka ni ya nyuma kabisa, upande wa pedali, na nyuma yake kuna busta. Mafuta yanaingia humo na kutulia. Kuchungulia uvungu wa gari asubuhi hakukusaidii kitu.

Anza na mtungi wa mafuta ya breki. Gari likiwa mahali tambarare, bandika kipande cha utepe usawa wa mafuta, andika tarehe. Usifungue mfuniko kila siku. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na mtungi unaonyesha hadi ndani. Pedi zikilika mafuta hushuka pia, ila kwa miezi. Yakishuka ndani ya siku chache na magurudumu yote manne na paipu zake ni makavu, tafuta kwenye busta.

Halafu pedali. Zima injini, kanyaga mara tano mpaka iwe ngumu. Ishikilie hivyo hivyo, washa. Ikishuka kidogo chini ya mguu kisha ikasimama, busta ni nzima. Sasa injini ikiwa inaunguruma, kanyaga kwa nguvu ya wastani, ushikilie sekunde 30 bila kubadilisha mguu. Inatakiwa ibaki pale pale. Ikizama taratibu kama unakanyaga tope, sili haizuii.

Mwisho, injini imezimwa, kanyaga mara kadhaa kumaliza vakyumu, chomoa mpira wa vakyumu kwenye busta na ufute mdomo wake kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na majimaji ya mafuta ya breki, jibu unalo. Wakati mwingine injini inayavuta hayo mafuta na ekzosi inatoa moshi mweupe, mtu akadhani ni gasketi ya injini imeungua.

Tairi_la_Akiba
Pedali kuzama si upepo kwenye paipu?

Fundi_Haidroliki
Upepo unaifanya pedali iwe laini kama sponji, na ukipampu inapanda. Kuzama mguu ukiwa umetulia ni habari nyingine. Na kuna kuvuja kwa ndani kabisa: mafuta yanapita pembeni ya sili ya mbele yanarudi mtungini, pedali inazama lakini usawa haushuki hata milimita. Ndiyo maana mtungi peke yake hautoshi.

Sukani77
Nimejaribu. Mafuta yapo pale pale kwenye utepe, ila pedali imezama kama sentimita 3 ndani ya nusu dakika.

Bisibisi
Basi lilaze. Piga simu kwa wakala, usiseme "breki hazieleweki", sema: "pedali inazama injini ikiwaka, gari limo kwenye wito." Omba libebwe, na waandike malalamiko yenye tarehe. Kwa wanaosoma huu uzi wakiwa na dalili kama hizi: pedali ikienda chini ukiwa barabarani, usiiachie. Masta ina pistoni mbili na saketi mbili za mafuta. Moja ikifa, ya pili inashika pedali ikiwa karibu na sakafu. Kanyaga kwa nguvu, shusha gia, vuta breki ya mkono kidogo kidogo. Ikiwa ni ya umeme, shikilia swichi bila kuachia. Usizime injini, utapoteza msaada wa busta na wa usukani.

Tairi_la_Akiba
Kuhusu kununua mkononi: wito unafuata gari, haumfuati mnunuzi wa kwanza. Kinachotakiwa ni VIN, namba ya utambulisho wa gari yenye herufi na tarakimu 17, ipo chini ya kioo cha mbele upande mmoja na kwenye nguzo ya mlango. Haina herufi I, O wala Q, kwa hiyo ukiona duara ni sifuri. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani lina namba fupi ya fremu badala yake, na hiyo utaitafuta kwenye mfumo wa Japani. Usiridhike na "modeli yako imo". Magari mawili yanayofanana yanaweza kuwa na masta kutoka viwanda viwili.

Fundi_Haidroliki
Sasa fundi wa nje. Kazi anaiweza, tatizo ni spea. Masta ya dukani inaweza kuwa ileile yenye kasoro, namba ya zamani, boksi jipya. Uliza wakala namba ya spea iliyorekebishwa kabla hujanunua chochote, na kama umeshalipa, tunza risiti.

Kama busta imelowa, inabadilishwa pamoja na masta, kwa sababu mafuta huvimbisha mpira wa ndani. Masta mpya itolewe hewa mezani kwanza, kwa kusukuma pistoni polepole mpaka viputo viishe. Fito ya busta, ile inayosukuma masta, ipimwe: ikikaza mno breki hazitaachia, ikilegea pedali inakuwa ndefu. Mafuta ni ya DOT (daraja la mafuta ya breki) iliyoandikwa kwenye mfuniko, lita 1 kwa kawaida inatosha. DOT 3 na DOT 4 huchanganyika, DOT 5 ni ya silikoni, usiitie humo kabisa. Na kama hewa imeingia kwenye moduli ya ABS, kukanyaga na kufungua nipeli (skrubu ya kutolea hewa kwenye gurudumu) hakutaitoa. Inahitajika mashine ya kuamsha pampu.

Ukishakabidhiwa, rudia lile jaribio la sekunde 30 hapo hapo gereji, kabla hujasaini.