Kozi ya kuzamia kwa mtungi: maski inanishinda na daivu za baharini ni wiki ijayo, naombeni uzoefu

Binti_Kinondoni:
Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri kwa mliopita huku. Nipo kwenye kozi ya Open Water, ile ya mwanzo ya kuzamia kwa mtungi, nadharia nimemaliza na mtihani nimefaulu, mazoezi ya bwawani pia karibu yote nayaweza, kuachia regyuleta (kile kifaa cha mdomoni cha kupumulia) na kuitafuta, kugawana hewa na mwenzangu, kuelea sehemu moja bila kupanda wala kushuka, hayo yote sawa. Shida yangu ni maski. Ile ya kuijaza maji nusu naimudu ila instrakta akionyesha ishara ya kuvua kabisa, maji yakigusa pua tu mwili mzima unataka kukimbilia juu, na bwawani juu ni karibu, baharini je?? Wiki ijayo tunaenda Nungwi, Zanzibar, kwa zile daivu (mizamio) nne za mwisho.

La pili masikio, upande wa kushoto unauma hata kwenye kina cha bwawa. La tatu nilikuwa na pumu utotoni, haijanirudia tangu shule ya msingi, fomu ya afya inauliza mambo ya pumu na mwenzangu mmoja wa kozi ananiambia niweke hapana tu mambo yaende. Halafu jioni ya daivu ya mwisho nina ndege ya kurudi Dar, kesho yake kazini. Naitaka sana hii kitu jamani, tangu nione matumbawe ya kisiwa cha Mbudya kwa snorkeli (lile bomba la kupumulia uso ukiwa majini) moyo wangu uko huko chini.

mtepe_kaskazini:
Bibie karibu sana Nungwi. Mie kazi yangu ndo hii ya kushusha watu chini, na hilo la maski usione ni lako peke yako, linawasumbua hata vijana wa hapa hapa waliozaliwa na bahari. Mtu anazamia pweza kwa pumzi yake tangu mdogo, lakini mpe mtungi umvue maski anababaika, kwa sababu kazoea kufunga pumzi na kwenye mtungi pumzi haifungwi kabisa, hiyo ndo sheria ya kwanza kuliko zote. Hewa uliyovuta mita 10 ukipanda nayo mpaka juu inakuwa mara mbili, ukiibana kifuani itatafuta pa kutokea na inaweza kupasua pafu. Kwa hiyo kinachokukimbiza juu ndo hasa cha kukifanyia kazi kabla hujaja.

Fanya hivi nyumbani: beseni la maji na snorkeli, maski weka pembeni, tia uso ndani. Vuta kwa mdomo toa kwa pua, rudia mpaka utulie, kisha vuta kwa mdomo na toa kwa mdomo huku pua iko wazi ndani ya maji. Utaona maji hayapandi puani kama wewe hukuyavuta. Kila jioni kidogo kidogo, usiache mpaka iwe jambo la kawaida kabisa. Na ukiwa chini huna maski angalia chini kidogo, usiinue uso, ukiinua maji yanaingia yenyewe. Uso unainua wakati wa kutoa maji tu, bonyeza fremu kwa juu kwenye paji la uso na toa pumzi kwa pua polepole, usipulize kwa hasira.

Kuhusu kina, katika hizo daivu zako nne, mbili za mwanzo hazizidi mita 12 na mbili za mwisho hazizidi 18, na zoezi la maski mara nyingi linafanyika kwenye mchanga mmepiga magoti, instrakta yuko mbele yako kakushika. Huyo hakuachi. Na ukiwa hujawa tayari, toa ishara ya "subiri", vuta pumzi zako tatu nne ndo uanze, hakuna anayekupimia muda.

Pwani254:
Mimi kozi yangu nilifanyia Diani, pwani ya Kenya, na masikio ndiyo yalinifundisha subira. Wengi wanadhani kadiri unavyoenda chini ndivyo inavyouma zaidi, si hivyo, mita 10 za kwanza ndizo zinazosumbua kuliko zote kwa sababu hapo presha inakuwa mara mbili ya ile ya juu, ndio maana hata bwawani unasikia. Anza kusawazisha presha ya masikio ukiwa bado juu ya maji kabla hujatoa hewa kwenye jaketi la kuelea, kisha kila unaposhuka kidogo tu, yaani KABLA ya maumivu, si baada. Kubana pua na kupuliza taratibu ni sawa lakini jaribu pia kumeza mate huku umebana pua, na lile sikio gumu liinue, inamisha kichwa upande wa pili. Shuka miguu kwanza ukishika kamba ya boya. Likikataa panda nusu mita au mita, jaribu tena, likikataa kabisa daivu imeisha, full stop, hakuna samaki wa kupasulia ngoma ya sikio. Na ukiwa na mafua usiende, na usimeze dawa ya kufungua pua ndio uende, ikiisha nguvu ukiwa chini hewa inanasa ndani wakati wa kupanda na hiyo ni mbaya zaidi.

Sasa hiyo ndege. Hapana dada. Baada ya daivu za siku kadhaa ni masaa 18 angalau kabla ya kuruka, naitrojeni ya hewa uliyovuta chini bado iko mwilini na presha ikishuka ndipo inapotengeneza mapovu. Badilisha urudi kwa boti, iko kwenye usawa wa bahari haina shida yoyote. Wakenya wenzangu hili pia lisome vizuri: Nairobi iko juu karibu mita 1,700, kwa hivyo kutoka majini Diani mchana na kupanda SGR jioni ni kama umepanda ndege tu, watu wanasema "si nimeenda na treni" lakini mwili hauulizi umepanda nini, unajua tu umefika juu. Lala pwani.

UmmSalim_Muscat:
Salaam alaykum mwanangu. Mie niko Muscat, kozi yangu nilifanya huku tukipelekwa visiwa vya Daymaniyat, na nimekuja kusema la pumu tu kwa sababu limenishtua. Usiandike hapana. Huyo anayekushauri hatakuwepo kifuani mwako. Njia za hewa zikibana ukiwa chini, kuna hewa inabaki imenasa kwenye pafu, na wakati wa kupanda inatanuka kama alivyosema kaka wa Nungwi hata kama wewe mwenyewe unapumua vizuri kabisa. Andika ndiyo, nenda kwa daktari, atakupima kwa kile kipimo cha kupuliza na pengine akukimbize kidogo halafu akupime tena, watu wengi waliokuwa nayo utotoni wanaruhusiwa na kupewa sahihi. Akikataa, basi kakuokoa. Nenda wiki hii hii, usingoje ufike Unguja.

Binti_Kinondoni:
Asanteni sana nyote, mama wa Muscat nimeshachukua miadi ya kifua keshokutwa, na tiketi nimebadilisha, narudi kwa boti. Beseni nimeanza jana, ile ya kutoa kwa pua tayari, ya pua wazi bado naikazania. Swali la mwisho, nina rasta ndefu, zitaleta shida kwenye maski?

mtepe_kaskazini:
Rasta hazina shida, zifunge chini shingoni ili mkanda wa maski ukae juu ya fundo nyuma ya kichwa, muhimu hata unywele mmoja usipite chini ya ule mpira unaogusa uso, hapo ndo maji yanapoingilia halafu mtu anadhani maski mbovu. Wanaojisitiri huvaa kofia ya laikra, nayo ukingo wake uwe nje ya mpira. Kingine uliza kituo chako mko wanafunzi wangapi, kanuni za PADI, shirika linalotoa vyeti vya kuzamia, zinaruhusu mpaka wanane kwa instrakta mmoja baharini lakini kwa mtu anayehitaji kutulia kama wewe omba kundi la wanne au chini yake, kituo kizuri hakitakunyima. Na upepo ukiwa umekaza siku hiyo, waambie wasikupeleke kisiwa cha Mnemba kwa daivu ya kwanza, kuna sehemu za karibu zilizotulia, Mnemba iache ya mwisho. Ukishapata sahihi ya daktari tujulishe humu.