Kuhamia kliniki ya mifupa: je, ujuzi wa eksirei utadumaa?

Swali
Habari za kazi, wenzangu. Nimepiga picha za eksirei kwa miaka 4 katika hospitali ya wilaya, na sasa nimepata nafasi katika kliniki ya mifupa hapa Mwanza. Nahofia kwamba nitapiga magoti na viganja kutwa nzima hadi nisahau vifua na matumbo niliyoyazoea. Waliopitia huko wananishauri nini?

Jibu la 1
Hongera, ndugu yangu. Mimi niko kwenye mifupa mwaka wa 9, na huku ndiko nilikojifunza kupiga picha kwa kweli. Goti lenye gegedu (utando unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) iliyolika, kwa mfano, hupigwa mgonjwa akiwa amesimama, kwa sababu akilala nafasi kati ya mifupa huonekana pana na ugonjwa hujificha.

Juzi nililetewa bibi aliyeanguka bafuni, mguu wa kulia umefupika na unyayo umegeukia nje. Mguu wa namna hiyo haugeuzwi. Nilimwambia, "Bibi, huu unaouma hatuugusi," nikauinua ule mzima, nikasimamisha kaseti, yaani bamba linalopokea picha, ubavuni mwa nyonga iliyoumia na kulaza mwale wa eksirei upite kinenani. Picha ilitosha mara moja, shingo ya paja ikaonekana ilipokatika.

Jibu la 2
Mimi ni daktari wa mifupa. Picha nyingi tunazorudisha hazina alama ya kulia au kushoto, au zimekata kiungo cha juu au cha chini ya mvunjiko. Mgonjwa akiumia kwenye kishimo kilicho chini ya kidole gumba, tafadhali niite kabla hajaondoka ili tuongeze mikao ya skafoidi, mfupa mdogo wa kifundo cha mkono, kwani ufa wake huweza kutoonekana siku ya kwanza, na hapo tunamfunga plasta na kurudia picha baada ya siku 10 hadi 14.

Jibu la 3
Usisahau mionzi, hasa ukiitwa chumba cha upasuaji. Ukiongeza umbali wako na chanzo cha mionzi mara mbili, dozi hushuka hadi robo. Vaa kipima mionzi kila siku. Kikomo cha kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti (kipimo cha dozi ya mionzi) 20 kwa mwaka, ukikokotolewa kwa miaka 5.

Muuliza swali
Nawashukuru sana nyote. Nimeambiwa kwamba kliniki hiyo ina aproni moja tu ya madini ya risasi, ile inayokinga mionzi. Je, niombe ya pili baada ya kuzoeana nao?

Jibu la 3
Omba kabla ya kusaini mkataba, kwa sababu mzazi atakayemshika mtoto wake mezani naye anahitaji aproni.