Kwa nini Tanga ikawa ya mkonge na si ya kahawa?

Mwanafunzi wa kidato cha tatu:
Shikamooni wakubwa zangu. Tumefundishwa kwamba Wajerumani waligawa mazao kwa kanda, yaani mkonge Tanga, kahawa Kilimanjaro na pamba kusini, na kitabu kinaishia hapo. Naomba kuelewa kama ni ardhi iliyoamua au ni mkoloni aliyepanga apendavyo.

Mkazi wa Muheza:
Marahaba, mwanangu. Neno "waligawa" linapotosha, kwa sababu hata hapa Tanga walianza na kahawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 kampuni za Kijerumani zilifyeka msitu wa Usambara Mashariki, katika sehemu kama Derema, zikiamini kwamba udongo unaobeba miti mikubwa namna ile hauwezi kukosa rutuba. Kumbe rutuba ilikuwa katika msitu wenyewe, kwenye majani yanayoanguka na kuoza. Miti ilipoondoka, mvua za mlimani zikaosha kilichobaki, na mibuni ikadhoofu katika udongo mchachu. Kilimanjaro, kwenye udongo wa volkano, kahawa ilistawi.

Mkonge uliletwa na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, mwaka 1893 kutoka Florida. Miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Kwa kuwa asili yake ni Meksiko, kwenye jua kali na ukame, ulizipenda tambarare za joto zilizo chini ya milima yetu, na kufikia 1913 koloni lilikuwa likisafirisha zaidi ya tani 20,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka.

Mstaafu wa shamba la mkonge:
Naongeza habari ya maji na reli, maana nimeishi nayo. Jani la mkonge ni refu kuliko mkono wa mtu mzima, lina mwiba mweusi nchani, na katika kilo 100 za majani hupati zaidi ya kilo nne au tano za singa. Kilichobaki ni maji na makapi. Mzigo kama huo hausafirishwi mbali, na jani likinyauka halisafishiki vizuri, kwa hiyo korona, yaani mtambo wa kutenganisha singa na jani, hujengwa palepale shambani, nayo hutumia maji mengi mno. Ndiyo sababu mashamba yalijipanga kando ya mito na ya reli iliyotoka Tanga, ambayo ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905.

Mwalimu wa historia:
Nakubaliana nanyi, ndugu zangu, ila tusiiachie ardhi peke yake jibu lote. Kule Umatumbi, kusini, watu walilazimishwa kulima pamba ya serikali katika siku zilezile walizopaswa kuwa kwenye mashamba yao ya chakula, wakiyalinda dhidi ya nguruwe pori. Julai 1905, huko Nandete, waling'oa mipamba hiyo, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Hata mkonge wa Tanga ulihitaji mikono ambayo haikutosha pwani, ndipo Wanyamwezi na Wasukuma wakaletwa kutoka bara kuja kukata majani hayo yenye miiba.