Mgeni ana siku moja Moshi: Majengo, Pasua au Kiboriloni?

Kijiko_Kirefu
Habari za jioni wanajamvi. Kuna mgeni anafika kutoka Dar Ijumaa usiku, ana Jumamosi moja tu ya kuzunguka Moshi, Jumapili anarudi. Hataki hoteli, anataka chakula cha mtaani kinachopikiwa wenyeji. Mitaa iliyo karibu na atakapolala ni Majengo, Pasua na Kiboriloni. Hali kitimoto (nyama ya nguruwe), na tumbo lake si la chuma. Aende wapi, na aanze na nini?

Kihamba_Chini
Usianze na mtaa, anza na saa. Mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, ni wa asubuhi, sufuria likiwa ndiyo kwanza limeepuliwa. Ikifika saa nne kilichobaki kimekwisha kuongezwa maji ya moto, tena si mara moja, kwa sababu wanga wa ndizi hukaza kadiri unavyopoa na muuzaji hana budi kuulegeza. Ukiona maji yamejitenga pembeni mwa bakuli, huo umezimuliwa. Ukivutika kama gundi, ndizi zimepigwa blenda badala ya kupondwa kwa mwiko. Ukiwa na utamu wa mbali, ndizi zilishaanza kuiva.

Mpeleke Kiboriloni. Ndizi za Old Moshi zinashukia pale, mpishi hana kisingizio cha kutumia mshare (ndizi za kupika) uliolala. Akitaka kujipikia akirudi Dar, kwa watu wanne: nusu kilo ya nyama ya ng'ombe yenye mfupa (kifua au mbavu), mshare mbichi 12 hadi 15, kitunguu kimoja, chumvi, kijiko cha samli. Nyama ichemke kwanza mpaka ikaribie kuachia mfupa, saa moja na nusu hivi. Itoe. Ndizi ziingie kwenye supu ile ile dakika 25 hadi 30, ponda, kisha rudisha nyama. Wanaotia vyote pamoja tangu mwanzo huishia na nyama ngumu ndani ya uji.

Ndizi zikimenywa zitumbukizwe majini papo hapo, na mikono ipakwe mafuta kwanza kwa ajili ya utomvu. Zikikaa wazi zinakuwa nyeusi na mtori unatoka rangi ya majivu. Haidhuru kitu, ila inakuonyesha mpishi alikuwa na haraka.

Sufuria_Nyeusi
Mangi, mtori umeueleza sawasawa, lakini mtu wa Dar kumwamsha alfajiri anywe supu nzito ni kumwonea. Machalari ndiyo chakula cha mgeni. Ni ndizi na nyama vilevile, ila ndizi hubaki vipande, kuna nyanya, kitunguu, karoti, na mchuzi wa kutosha. Hata asiyezoea ndizi za kupika anaimaliza sahani.

Cha kuangalia ni kingo za ndizi. Zikiwa zimemomonyoka na mchuzi umekuwa mzito, mpishi alikoroga. Machalari haikorogwi, sufuria hushikwa masikio na kutikiswa. Wanaotia nazi, tui zito liingie mwishoni kwa moto mdogo, la sivyo linakatika na unaona mafuta yanaelea upande wake, maji upande wake.

Mae_wa_Watatu
Na kiburu mmekisahau? Ingawa sishangai, vibandani hakionekani sana. Ni chakula cha nyumbani: ndizi na maharage, basi. Kinachowashinda wengi ni kuvipika kwa muda mmoja. Maharage makavu yalale majini usiku kucha, yachemke mpaka yabonyee kwa vidole, ndipo ndizi ziingie. Ukizitanguliza, zinayeyuka wakati haragwe bado linagonga jino.

Wapo wanaotia magadi maharage yaive upesi. Yakizidi, kiburu kinakuwa na ladha ya sabuni na rangi inafifia. Kwa kilo moja ya maharage, magadi yanayokaa juu ya ncha ya kijiko cha chai yanatosha.

Mgeni akikitaka, mwombe mama ntilie siku moja kabla. Wengi hawakatai ukiagiza sahani nne au tano kwa pamoja na ukatanguliza hela ya maharage.

Fundi_Jiko
Pasua mnaipita kama haipo. Mchana, wali na samaki. Mpunga unalimwa hapo chini tu, Mabogini na Chekereni, na perege wanatoka Bwawa la Nyumba ya Mungu. Kweli mchele wa Kyela unanukia zaidi, sibishi.

Perege umchague akiwa bado mbichi: mashavu yawe mekundu, jicho limejaa, nyama ukiibonyeza irudi. Akiwa ameshakaangwa, tazama mafuta ya karai. Yakiwa meusi na yanatoa povu linalokaa juu bila kupasuka, yamekaangia siku nyingi. Hapo tumbo la mgeni wako litazungumza usiku. Mafuta yakiwa safi, omba achovywe tena yakiwa moto, mbele yako, usikubali aliyepoa kwenye kioo tangu asubuhi.

Kijiko_Kirefu
Asanteni sana. Na jioni je? Yeye anaota nyama choma.

Mkaa_Mkavu
Choma ni popote penye bucha na jiko kwa pamoja. Chagua kipande kikiwa kibichi, kipimwe ukiwa umesimama hapo. Kilo moja ya mbuzi ikitoka motoni hupungua karibu theluthi, kwa hiyo watu wawili wasiagize nusu kilo kisha wakalalamika wameibiwa. Mbavu huiva haraka, mguu unataka saa nzima kwa mkaa uliotulia. Akikuletea mguu baada ya dakika ishirini, ama ulikuwa umechomwa nusu tangu mchana ama ndani ni mbichi. Kata karibu na mfupa uone.

Ndizi choma ziagizwe wakati ule ule, zinakaushwa na mkaa zikikaa. Kachumbari iombe ikatwe pale pale. Iliyokatwa mapema hujaa maji, na ndiyo huwasumbua wageni kuliko nyama yenyewe.

Mae_wa_Watatu
Kijiko, umesema hali kitimoto. Kama ni kwa sababu ya dini, mwambieni mapema kwamba supu ya kisusio hutiwa damu ya mbuzi, na mbege ni pombe hata ikionekana kama uji: ndizi mbivu, kimea cha ulezi, na uchungu wa gome la mti wa msesewa. Kuna watu humkaribisha mgeni kata nzima kwa nia njema wakamwingiza matatani. Pia ulizeni kama wavu wa kuchomea unatumika kwa kitimoto. Sehemu nyingi jiko ni moja.

Kijiko_Kirefu
Ndiyo dada, ni Mwislamu. Hilo la wavu sikuliwaza kabisa.

Sufuria_Nyeusi
Basi jioni iwe Majengo, hutahangaika kuuliza kila meza. Utapata pilau, chapati, mishikaki ya ng'ombe. Na Jumapili kabla ya basi, vitumbua. Kitumbua kizuri kina vitundu ndani na ukingo mkavu. Kikiwa kimeshikana katikati kama ugali, unga haukuumuka, mwachie muuzaji.

Kihamba_Chini
Sawa, Majengo jioni, Pasua mchana. Lakini asubuhi ni Kiboriloni, hapo sirudi nyuma. Saa moja kamili awe ameshakaa kwenye benchi, na aombe bakuli dogo kwanza. Mtori unashibisha kuliko unavyoonekana, akimaliza kubwa hatamwona huyo perege.

Fundi_Jiko
Bakuli dogo, na pilipili pembeni, isimwagiwe juu.