Stoffwechsel: mjusi wa Tendaguru na vitambaa wapi na wapi?

Lindi_Mjini: Wakuu, habari za humu. Natafsiri maelezo ya Kijerumani kuhusu mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria, ile mifupa iliyochimbwa huku kwetu 1909 hadi 1913 ambayo leo iko Berlin. Kuna neno *Stoffwechsel*. Kamusi inasema Stoff ni kitambaa, Wechsel ni kubadilisha. Mjusi abadili kitenge? Mbele nakuta *Baustoffwechsel*, na Baustoff ni simenti na matofali!

Mikindani_95: Kitambaa ni maana mojawapo tu. Stoff iliingia Kijerumani karne ya 17 kupitia Kiholanzi, asili yake Kifaransa cha kale, *estoffe*. Ikapanuka ikawa malighafi, kisha dutu yoyote, na wanakemia wakashika hiyo ya mwisho. Sauerstoff ni oksijeni, kihalisi "dutu chachu", kwa kuwa mwanakemia Mfaransa Lavoisier aliamini kila asidi lazima iwe na oksijeni. Alikosea (asidi ya haidrokloriki haina), lakini jina limebaki. Stickstoff, naitrojeni, inatokana na *ersticken*, kukosa pumzi.

Wechsel ni ileile ya Wechselgeld, yaani chenji: hiki kinatoka, kile kinaingia. Basi dutu zinaingia mwilini, zinageuzwa, masalia yanatolewa. Andika umetaboli. Hilo nalo ni la Kigiriki, *metabole*, badiliko. Mwanabiolojia Mjerumani Schwann alitumia *metabolisch* kuelezea seli mwaka 1839.

Kusini_Lugha: Kosa lako kwenye Baustoffwechsel ni mahali pa kukata. Ni Bau + Stoffwechsel, umetaboli wa kujenga, mfano asidi amino kuungana kuwa protini. Ukikata baada ya Baustoff umehamia duka la vifaa vya ujenzi. Mwenzake ni *Betriebsstoffwechsel*, wa kuvunja sukari na mafuta ili mwili upate nishati. Ile s baada ya Betrieb ni gundi tu, usiitafsiri.

Anzia mkiani siku zote: neno la mwisho ndilo mwenye nyumba, na ndilo linalotoa jinsia ya kisarufi (der, die au das). *Der* Wechsel, kwa hiyo *der* Stoffwechsel.

Lindi_Mjini: Shukrani. Na kitenzi? "Stoffwechseln" siioni.

Mikindani_95: Hutaiona. Ni *verstoffwechseln*, tena herufi ndogo. Stoffwechsel ukiisoma kwa sauti: "SHTOF-veksel". Hiyo chs hapa ni ks, usiikwaruze kooni.