Mrejesho: yule niliyekosa mkopo awamu zote, nimepata kwa rufaa

Wakuu, habari zenu. Mwaka jana niliuliza hapa nifanye nini: nimepata chuo, baba ni marehemu, lakini HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu) jina langu halikutoka awamu yoyote. Mkanishauri nikague viambatisho kabla ya kulaumu mtu.

Mlikuwa sahihi, na aibu ni yangu. Cheti cha kifo cha mzee nilikipakia bila kukihakiki RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Nilidhani nakala yenye muhuri wa wakili inatosha. Haitoshi. Nikahakiki, nikapewa namba ya uhakiki, dirisha la rufaa lilipofunguka nikaingia nayo. Wiki kadhaa za kutolala, kila asubuhi nafungua SIPA, akaunti yangu ya mkopo mtandaoni, kama naangalia matokeo ya mechi. Siku moja nikakuta nimepangiwa ada kiasi, pamoja na chakula na malazi. Mama alilia, mimi nikajifanya nina mafua.

Kuupata mkopo ni kazi moja, kuutunza ni nyingine. Bumu (fedha ya kujikimu ya mkopo) la pili nilichelewa kusaini ili nilipwe, nikala maharage ya rafiki mwezi mzima (bado ananidai sabuni). Na mwaka wa kwanza nilipata sapu (mitihani ya marudio ya masomo niliyofeli) mbili. Nilizifuta Septemba, maana kurudia mwaka kungenisimamishia mkopo.

Yule aliyeniambia "nenda RITA kwanza, kelele baadaye", nakudai namba yako inbox nikutumie ya soda.

Sasa nipo mwaka wa pili.