Tupeane uzoefu: kupiga muziki wa kompyuta nyumba nzima, kila chumba

Sikio Moja: Wakuu habari zenu. Jana jioni nimemsikia jirani anahangaika, sebuleni kwake wimbo umeshafika kwenye kiitikio, chumbani bado uko kwenye ubeti, nikacheka peke yangu kama chizi maana hapo nishapita. Nyimbo zote ziko kwenye kompyuta, spika ziko kila chumba, unachotaka ni wimbo mmoja uende kote kwa pamoja basi. Mimi nilianza na spika mbili za bluetooth, moja jikoni moja bafuni, nikawa kila nikipita koridoni nasikia waimbaji wawili wanagombana. Nani kafanikiwa? Nani kimemtoa jasho? Leteni na aibu zenu.

Waya Mrefu: Umenikumbusha mbali mkuu. Mimi niliunguza amplifaya. Vyumba vinne, spika nne za om 8 (om ni kipimo cha ukinzani wa umeme), nikasema mambo ya waifai siyataki, napitisha waya juu ya dari kama wanaume. Siku mbili niko darini na vumbi puani, waya nimeuvuta mpaka chumba cha mwisho, nimeubana na vibanio kila hatua, kazi safi mpaka najipigia makofi. Nikarudi sebuleni nikaziunga zote nne sambamba kwenye chaneli moja. Ikapiga! Aisee ikapiga vizuri nikaita watu waje wasikie, nikaongeza sauti, nyumba nzima inatikisika, watoto wanakimbia chumba hadi chumba. Kama dakika ishirini hivi ikaanza harufu. Mimi nikajua kuna mtu kasahau pasi. Nageuka nakuta kamoshi kembamba kanatoka kwenye vile vitundu vya juu ya amplifaya, kametulia kabisa, muziki bado unaendelea. Nikachomoa. Ndo baadae nasoma nyuma imeandikwa kabisa isishuke chini ya om 4, na spika nne za om 8 ukiziunga sambamba zinakuwa om 2. Yaani maandishi yalikuwepo siku zote. Shelfu mpaka leo ina alama ya kahawia.

Bibi Nzi: Hiyo harufu naijua 😂

Fundi Kimya: Waya Mrefu ungeunga mbili mbili kwa mfululizo halafu hizo jozi mbili ndo uziunge sambamba, ingekuwa om 8 ile ile na mashine ingepumua.

Waya Mrefu: Asante mkuu umechelewa kidogo tu.

Namba Tupu: Tatizo la Sikio Moja sio spika, ni muda. Sauti hewani inakwenda mita 343 kwa sekunde, kwahiyo spika iliyo mita 10 kutoka ulipo inakufikia imechelewa karibu milisekunde 29, sikio linavumilia. Bluetooth ya kawaida yenyewe inachelewa milisekunde 100 mpaka 200 hivi, na kila spika inachelewa kivyake. Hapo lazima usikie watu wawili.

Kelele: Tumeomba uzoefu sio fizikia

Namba Tupu: Uzoefu wangu ndo fizikia.

Kelele: 🙄 haya mwalimu

Mzee wa Sidii: Nyie watoto hamjui tulikotoka. Mwaka 2004 Apple walitoa AirPort Express, kidude cha kuchomeka ukutani kina tundu la spika, iTunes inarusha wimbo kutoka kwenye kompyuta mpaka chumba kingine bila waya, tulikuwa tunakitazama kama muujiza. Baadae nikahamia Squeezebox, vidude vya Logitech vya kupiga muziki kupitia mtandao. Logitech waliacha kuvitengeneza 2012 lakini programu ya seva yake haijafa, siku hizi inaitwa Lyrion Music Server. Kila chumba nimeweka kakompyuta kadogo ka Raspberry Pi na spika yake, vyumba navifunga pamoja nikitaka, navifungua nikitaka. Vinaenda sawa. Kukorofisha ni jikoni tu, kila maikrowevu ikiwashwa muziki unakatika, maana nayo iko kwenye gigahezi 2.4 sawa na waifai. Nikachoka nikapeleka waya wa mtandao jikoni.

Waya Mrefu: UMEONA. Waya.

Hewani: Waya wa nini karne hii jamani, hamishia waifai kwenye gigahezi 5 maisha yaendelee

Waya Mrefu: Gigahezi 5 ikipiga kuta mbili inaomba maji.

Hewani: Kuta zako au zangu?

Redio Mbao: Mnajitesa. Chomeka katransmita kadogo ka FM kwenye tundu la hedifoni la kompyuta, tafuta masafa yasiyo na stesheni, washa redio kila chumba. Zote zinapokea wakati mmoja, hakuna anayetangulia wala kuchelewa. Ila ziwe redio za analogi, ukichanganya na ya digitali mambo yanarudi kule kule. Na usitafute transmita yenye nguvu kubwa, nchi nyingi sheria inabana hapo, halafu jirani anakusikiliza. Wangu alikuja kuniomba nirudie wimbo.

Mke wa Fundi: Sasa ngoja niwape yangu mniombee. Mume wangu aliweka Snapcast, programu ya kurusha sauti vyumba vyote kwa pamoja, kwenye kompyuta ya sebuleni, spika kila chumba mpaka cha wageni, ile ya wageni iko juu ya kabati pale kichwani kwenye mto. Kitu chenyewe kizuri sijakataa, vyumba vyote vinaimba mdomo mmoja. Asichoniambia ni kwamba kaelekeza sauti YOTE ya kompyuta huko, sio muziki peke yake. Mchana mmoja nimekaa nafanya kazi zangu, WhatsApp iko wazi kwenye hiyo hiyo kompyuta, ikaingia voisi ya dada yangu. Nikabofya. Dada alikuwa ananijibu malalamiko yangu ya mama mkwe, ambaye ana siku ya kumi kwetu na muda huo kajilaza chumba cha wageni. Nasikia sauti ya dada inatoka koridoni, inatoka jikoni, inatoka bafuni, "sasa huyo mama mkwe wako…" Nikaruka nikabonyeza stopu. Jamani. Haikuacha! Nimebonyeza na kwenye kompyuta naona kabisa imesimama, ila nyumba ikaendelea kuongea kama sekunde nzima, na ndani ya hiyo sekunde ndo kulikuwa na "…anaondoka lini?" Halafu kimya. Kimya kile sijawahi kukisikia.

Bibi Nzi: 😭😭😭😭

Kelele: Nimefunga ofisi niko nje nacheka

Namba Tupu: Hiyo sekunde ni bafa. Snapcast inashikilia sauti milisekunde 1000 kabla ya kuitoa ili spika zote zisubiriane. Unaweza kuipunguza kwenye mipangilio.

Kelele: Huyu kaka kweli kaona tatizo la hapo ni bafa 😂

Fundi Kimya: Dada mwambie mzee atumie programu ya MPD kupiga nyimbo, iwe hiyo peke yake ndo inapeleka kwenye snapfifo, yaani lile bomba ambalo Snapcast inachota sauti. WhatsApp na makelele mengine yabaki kwenye spika ya kompyuta. Dakika kumi kazi imeisha.

Redio Mbao: Au ungesema ni tamthilia ya redio.

Jasho: Jamani mimi yangu inavuma mmmmm hata wimbo ukiwa umezimwa, laptopu kwenda kwenye amplifaya. Nikichomoa chaja inanyamaza. Nifanyeje?

Hewani: Kata waya wa ethi kwenye plagi, mimi nilikata ikaisha

Fundi Kimya: USIKATE ETHI. Hewani futa hiyo kauli, huo waya ndo unakuokoa siku bodi ya chuma ikishika umeme. Jasho, huo ni mzunguko wa ethi, vifaa viwili vimekutana kwenye ethi kwa njia mbili. Weka kitransfoma cha kutenganisha kwenye ule waya wa sauti, kidude kidogo tu.

Hewani: Mbona mimi miaka mitatu mzima

Fundi Kimya: Na wewe unahesabu.

Sikio Moja: Tumuache Hewani na plagi zake. Mke wa Fundi usituache njiani, mama mkwe alitoka lini chumbani na alisema nini??

Bibi Nzi: Ndo nilichobakia humu

Mke wa Fundi: Alitoka jioni. Katulia, kanga imefungwa vizuri, kaja akakaa karibu yangu, akasema, "Mwanangu, ile spika ya chumbani kwangu inakwaruza kidogo, mwambie mwenzio aitazame, maneno mengine hayasikiki vizuri." Alikuwa aondoke Jumamosi ile. Mwezi wa pili huu.